Maji ya Ukwaju Kwenye Shimo la Ngozi

Pua yangu haifanyi kazi. Jirani akichoma nyama, mimi huambiwa. Maziwa yakiharibika, nayajua kwa ulimi. Pua hiyo ilikufa asubuhi moja huko karibu na Kambu, ndani ya kiwanda kidogo cha ngozi ambacho leo kimebaki kuta na mabati matatu. Asubuhi hiyo hiyo shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifia kwenye shimo la kung'olea manyoya, hatua mbili kutoka pale niliposimama.

Nitawataja waliohusika. Majina sitaandika, kwa sababu wao wana mawakili na mimi nina darasa la sita, lakini mtu wa huku akisoma atawajua.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa kile kiwanda. Dawa ya manyoya ilikuja na karatasi ya maelezo. Akaikunja, akaifungia kwenye droo pamoja na mhuri, akasema ni ya ofisi. Wa pili ni mwenye duka aliyetuuzia dawa yenyewe, vipande vya manjano kama maganda ya sabuni, ndani ya gunia la mbolea, bila alama wala mchoro wa fuvu. Wa tatu ni mwalimu wa semina. Alitufundisha siku mbili, na ya pili ilikwisha saa sita kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Alisema ngozi ikitoka kwenye chokaa na dawa ioshwe kwa maji ya asidi, lakini hakusema hayo maji yakishatumika yaende wapi. Wa nne ni ofisa aliyetumwa kukagua. Alikagua mbuzi wa kuchoma, akaondoka na mguu.

Wa tano ni mimi.

Huku kwetu mtu hamwagi maji chini. Mimi nimelelewa hivyo, na wewe kama ni wa huku umelelewa hivyo. Maji yaliyoosha mchele yanaosha sufuria, yaliyoosha sufuria yanaosha miguu, na ya miguu yanaenda kwa mpapai. Mama yangu alikuwa anampiga mtoto kwa kumwaga kikombe kimoja. Sasa asubuhi hiyo shimo la manyoya lilikuwa limepungua, ngozi za juu zimeanza kukauka, na mtu wa punda hajaleta maji. Nilikuwa na mitungi miwili ya maji ya asidi yaliyotumika jana yake. Kuyatupa sikuweza hata kufikiria. Nikayamwaga shimoni, yote miwili.

Ile dawa ikikutana na kitu kikali kama asidi hutoa hewa ya sumu. Hilo nililijua baadaye, hospitalini Makindu. Kwanza ilinuka mayai yaliyooza, tukafunika pua kwa shati. Halafu harufu ikakatika ghafla. Shemeji akacheka, akasema, "Afadhali, imeisha." Haikuwa imeisha. Ni pua zetu zilizokuwa zimeisha. Aliinama kuvuta ngozi, akakaa ndani ya shimo polepole kama mtu aliyechoka. Nilikimbilia fito ya kumvutia, nikaangukia upande wa mlango, kichwa kikatoka nje kwenye upepo. Kwa hiyo mimi niko hapa naandika.

Kwenye mazishi kila mtu alisema "ile gesi". Gesi ilimuua, gesi ililetwa na Mungu anajua nani. Dada yangu aliniuliza mara moja tu, tukiwa tumekaa na sahani za mazishi, kilichotokea. Nikamwambia ni dawa mbaya. Niliwataja wale wanne. Nimewataja wale wanne miaka yote, kwa chifu, kwa wakili wa bure aliyetutoroka, hata kwa watu wasioniuliza. Wa tano nilimweka tumboni.

Basi fikiria nilivyojisikia dada aliponipigia simu.

"Mwana wa mwaitu," akasema. Ndivyo tunavyoitana sisi tuliotoka kwa mama mmoja. "Tumepata mradi."

"Mradi wa nini?"

"Wa ngozi."

Nilisogeza simu mbali na sikio.

"Usininyamazie, nimepanda mawe yote haya kutafuta mtandao. Ni ngozi safi. Ile dawa ya manjano haiko kabisa. Kuna unga tu, na magadi, na ukwaju."

"Unga gani unang'oa manyoya?"

"Njoo uone. Na uje na kisu chako, akina mama hawajui kupara."

Dada yangu anakaa ng'ambo ya Zombe, na kikundi chao cha akina mama kumi na mmoja kilikuwa kimepewa banda nyuma ya soko la mbuzi. Nilienda. Sikwenda kufundisha kupara. Nilienda kwa sababu yeye ndiye angekuwa anageuza ngozi shimoni, na mimi najua watu wanaosema kitu ni safi.

Mwalimu wa mradi alikuwa binti mwenye gambuti nyeupe na sauti ya upole. Sauti ya upole ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Alifungua mkebe akanionyesha unga wa rangi ya wimbi.

"Hii ni enzaimu, mzee. Ni kama kile kinacholainisha nyama ukiipaka papai. Inakula mzizi wa nywele peke yake. Nywele inatoka nzima."

"Na ikimaliza mzizi inakula nini?"

"Tunatoa ngozi kabla haijamaliza."

"Na mkono wa mtu?"

"Mkono una glavu. Na ukichota unga, unavaa kitambaa puani, vumbi lake si zuri."

"Kumbe si safi."

Akina mama wakacheka. Mmoja wao, muuza nyanya mwenye mdomo mrefu, akasema, "Mzee huyu ameogopa unga. Siku akiona ugali atakimbilia Mombasa."

Mwalimu hakucheka. Hiyo nilimpa maksi moja. Akanieleza kazi yote kuanzia mwanzo. Maji ya shimo yanatiwa magadi kidogo na yawe ya uvuguvugu wa kuogesha mtoto. Unga unaingia, ngozi zinageuzwa kwa fito, zinakaa mpaka kesho yake. Kisha zinaparwa juu ya gogo, zinaoshwa kwa maji ya ukwaju kutoa magadi, halafu zinalala kwenye maji ya maganda ya mgunga mpaka ziive. Akarudia mara mbili kwamba maji ya ukwaju yakishatumika yamwagwe kwenye mboji, yasirudi shimoni, kwa sababu ukali wake unalaza unga. Akina mama wakamsikiliza vizuri sana, wakampa chai na viazi, akapanda bodaboda akaenda. Alikuwa aje tena baada ya wiki tatu.

Ngozi za kwanza zilitoka vizuri, na hilo lilinikera. Niliweka ngozi ya mbuzi kwenye gogo, nikasukuma kisu butu, na nywele zikatoka zimeshikana kama mkeka, na mizizi yake midogo myeupe. Kambu hatukuwahi kuona nywele. Kule dawa ilizisaga zikawa uji wa kijivu unaoteleza mpaka kwenye kiwiko, na mikono ilipasuka kati ya vidole. Hapa nilipara ngozi tisa, nikaangalia mikono yangu, ilikuwa ni mikono tu. Nilichota nywele nikazitafuta kosa. Nilizichoma kidogo, nikaziloweka, nikazipeleka kwa muuza nyanya anuse.

"Zinanukaje?"

"Mbuzi."

"Mbuzi tu?"

"Ulitaka zinuke marashi?"

Siku ya nne au ya tano nilimwona huyo muuza nyanya akitoka kwenye sinki la ukwaju na mtungi mgongoni, mkanda kichwani, akielekea shimoni. Shimo lilikuwa limepungua. Nilisimama na kisu mkononi. Akainama, akamimina mtungi wote, maji ya kahawia, akafuta jasho.

Hakuna kilichotokea. Dada yangu aligeuza ngozi kwa fito, akapiga chafya, akaendelea na hadithi ya harusi.

"Mwalimu alikataza," nikasema.

"Mwalimu ana mfereji kwao," akasema muuza nyanya. "Mimi nimebeba haya maji kutoka kisimani. Niyape mboji?"

Wote wakakubaliana naye, na moyoni hata mimi nilikubaliana naye. Ningesema habari ya Kambu siku hiyo. Ingekuwa rahisi, shimo lilikuwa na unga na magadi tu, hakuna mtu angekufa kwa mimi kusema. Badala yake nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe, nikafuta kisu, nikarudi kupara.

Wiki iliyofuata nywele zilianza kugoma. Unasukuma kisu, zinatoka nusu, nusu inabaki kama ndevu za mgonjwa. Nilijua mara moja nani wa kulaumu. Mwalimu ametubadilishia unga, nikasema, ule mzuri ameuonyesha siku ya kwanza na huu ni unga wa mahindi. Nilimpigia simu. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii binti wa wenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, maji ya ukwaju mnamwaga wapi?"

"Kwenye mboji," nikasema. "Kama ulivyosema."

Sijui kwa nini nilidanganya. Nafikiri niliona akijua tu kuhusu maji, atauliza swali linalofuata, na linalofuata, mpaka Kambu.

Wakati huo kulikuwa na mtu wa Makindu anayeshona viatu vya kuuzia wasafiri. Aliagiza ngozi arobaini na akazitaka Ijumaa, na akisifu ngozi zetu angeagiza kila mwezi. Kikundi kizima kilikuwa kinazungumza habari ya huyo mtu. Aliyezungumza zaidi ni mweka stoo, mwanamume peke yake mle ndani ukiniondoa mimi, shemasi wa kanisa lao. Yeye ndiye alishika ufunguo, yeye ndiye alifungua kazi kwa maombi, na aliomba kwa muda mrefu mpaka maji ya uvuguvugu yakawa baridi. Nilikuwa namshuku kwa maombi hayo tu. Mtu akimweleza Mungu habari za shimo kila asubuhi, kuna kitu anataka Mungu asiangalie.

Jumatano niliingia nikakuta dada yangu ameinama juu ya shimo na fito, na ndoo ya nywele iko pembeni. Nilichungulia ndoo kama kawaida yangu. Hapakuwa na mkeka wa nywele. Kulikuwa na uji wa kijivu.

Niliingiza vidole viwili. Uliteleza mpaka kwenye kiganja.

"Hizi nywele zimetoka lini?"

"Leo asubuhi," dada akasema bila kuinua kichwa. "Unga umeamka. Zimetoka zenyewe, hata kisu hakikutaka. Kunanuka tu kidogo."

"Kunanuka nini?"

"Kama mayai. Ni zile ngozi zilizokaa na chumvi kidogo, shemasi amesema."

Muuza nyanya alikuwa anakuja. Mtungi mgongoni, mkanda kichwani, ameshafika kwenye ukingo na ameanza kulegeza mkanda. Nilimrukia. Niliupiga ule mtungi kwa mkono na bega, ukaanguka, kifuniko kikaruka, na lita ishirini za maji ya ukwaju zikatambaa kwenye sakafu mpaka nje kwa kuku.

Mtu wa mahali pengine hawezi kuelewa walivyonitazama. Ni kama nilikuwa nimempiga mtoto.

"Amelewa," mtu akasema.

Muuza nyanya alijishika shingo. "Mzee, utanipeleka wewe kisimani? Utanibebea?"

"Dada, toka hapo," nikasema. "Tokeni wote, simameni upande wa upepo. Kuna mtu ametia dawa ya manjano humu."

Tulitoka mpaka uani, wengine kwa hasira tu, kunifuata wanitukane. Shemasi alikuja kutoka stoo akifuta mikono. Akauliza kuna nini, akaambiwa, akatabasamu.

"Unga umeamka," akasema. "Tuliomba, umeamka."

Nikamwonyesha vidole vyangu. "Unga hausagi nywele. Mwalimu alisema nzima. Hizi zimesagwa. Mimi nimefanya hii kazi kabla yenu, najua uji huu."

Dada yangu alimwangalia shemasi. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi, na ana jicho la mama yetu.

"Shemasi, umetia?"

"Kijiko tu."

"Kijiko cha chai ama cha kupakua?"

"Cha kupakua."

"Kimoja?"

Shemasi akaangalia chini. "Vitatu. Ijumaa ni kesho kutwa. Mlitaka nimwambie mtu wa Makindu nini? Ni mimi nilimpa ahadi, nilitoa jina langu."

Dawa aliinunua mjini, ndani ya mkebe usio na alama. Sikushangaa. Duka la namna hiyo halifi, linahama tu.

Sasa hapo ningekuwa nimeshinda, na kwa dakika moja nilijisikia hivyo. Lakini shemasi si mjinga. Aliinua kichwa akawageukia akina mama.

"Nimekosa, nakubali. Lakini mzee anatutisha. Kambu walitia gunia zima. Mimi ni vijiko. Nywele zimetoka, hakuna aliyeumia, tumalize hizi arobaini kisha turudi kwa unga. Na huo ukwaju aliomwaga, si ndio tunakunywa? Watoto wanauramba. Utaua nani?"

Niliona vichwa vikikubali. Muuza nyanya, aliyetoka na mtungi wake mtupu, akauinua, akasema bado kuna mwingine kwenye sinki na shimo limepungua. Mtu mwingine akasema ngozi za juu zinakauka. Dada yangu akashika fito yake. Sikuwa na karatasi, sikuwa na Kiingereza, na pua ya kuwaambia kunanukaje sikuwa nayo. Dada alikuwa anarudi ndani. Alikuwa amegeuka kabisa.

"Kambu maji ya asidi niliyamwaga mimi," nikasema.

Akasimama.

"Shimo lilikuwa limepungua. Yalikuwa yametumika, nikaona ni hasara kuyatupa. Mitungi miwili. Dawa peke yake ilikuwa imekaa miezi na hatujafa. Ni yale maji. Niliyamwaga, ikanuka mayai, ikaacha kunuka, na mumeo akacheka, akasema imeisha. Nilikuwa nimeshika mtungi bado."

Nilisikia kuku wakinywa yale maji pale mlangoni. Muuza nyanya aliweka mtungi wake chini, polepole, akausukuma mbali kwa mguu.

Dada yangu hakunitazama. Aliingia ndani mwenyewe kabla sijamzuia, akafunika maji ya sinki kwa kifuniko, akatoka, akaburuta turubai akaliweka juu ya shimo na mawe pembeni. Kisha akachukua simu akapanda kwenye yale mawe ya mtandao kumpigia mwalimu. Alimwambia kila kitu, pamoja na habari ya mboji. Mwalimu akasema shimo lisiguswe na mtu, lisitiwe chochote, angekuja na watu wanaojua. Tulikata miiba tukazungushia banda lote, kama boma la mbuzi. Ngozi arobaini zilioza mle chini ya turubai, na mtu wa Makindu akanunua kwingine.

Mwalimu alikuja na watu wawili, shimo likasafishwa kwa siku mbili. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Alichora tu mstari mwekundu kwenye mitungi yote ya ukwaju na kuchimba mtaro kutoka sinki mpaka kwenye mboji, ili mtu asiwe na kitu cha kubeba. Hata mimi nilikubali ni akili hiyo, ingawa ule mtaro niliukagua mara mbili kuona kama kweli unafika.

Jumatatu unga ulitiwa upya. Kesho yake nilikaa kando ya ndoo. Nywele zilitoka nzima.

Jioni hiyo, kabla ya kurudi kwangu, nilimfuata dada yangu pale alipokuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa. Tangu Jumatano alikuwa amesema nami maneno ya kazi tu: leta, weka, shika. Shemasi alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yetu, na ufunguo wa stoo ulikuwa bado unaning'inia kwenye mshipi wake. Nilikuwa nimeuangalia ufunguo huo siku nzima.

"Huyo mtu bado ni mweka stoo," nikasema, na sikupunguza sauti.

"Bado."

"Mfukuze."

Alimimina kikombe cha kwanza, akampa shemasi. Akamimina cha pili.

"Nikimfukuza aliyetia vijiko," akasema, "nitamfanyaje aliyemwaga mitungi?"

Alinipa kile kikombe, akakaa kwenye benchi, akasogea kidogo. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na shemasi. Nilikaa. Tulikunywa chai sisi watatu tukiangalia banda, na shemasi akaniuliza kama sukari inatosha. Nikasema inatosha. Nilionja kwanza kwa ncha ya ulimi.